Kwa mdogo wangu aliyeacha ufunguo juu ya fomu

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe wangu wa mwisho umeusoma ukanyamaza. Basi nakuandikia hapa, maana najua huwa unapita huku kimyakimya. Usipopita wewe, atapita mtu atakayekufikishia.

Naanza na ile fomu ya kuomba kazi, ulipokuwa kwangu baada ya kutoka utawani. Nimejaribu kuanzia pengine, nimeshindwa.

Ulikuwa umekaa mezani, umevaa sketi yangu ya kijivu iliyokupwaya, umeibana kiunoni kwa pini. Jina uliliandika, ukalikata, ukaandika upya, kwa sababu mkono ulitangulia kuandika jina la utawani. Ukafika penye "uzoefu wa kazi". Mistari sita. Kalamu ikasimama hapo robo saa nzima, mimi nakutazama kutoka jikoni. Mtu aliyefanya kazi miaka 22, tangu alfajiri hadi usiku, anashindwa na mistari sita! Nikaja, nikaichukua kalamu mkononi mwako bila hata kukuomba, nikaandika: muuguzi, mtunza stoo ya dawa, mhasibu. Ukasema taratibu, "Dada, sikuwa mhasibu. Nilikuwa sista niliyepewa daftari la hesabu." Nikakujibu, "Usista umekwisha. Sasa hivi huna kitu, lazima tuanzie mahali."

Huna kitu. Ndivyo nilivyosema, na ndivyo ulivyosikia.

Uliikunja ile fomu mara nne, ukaenda kulala bila kula. Asubuhi nikaikuta mezani, na ufunguo wa nyumba juu yake. Kitanda ulikitandika, shuka pembe kwa pembe, kama hakuna mtu aliyewahi kukilalia.

Nisamehe. Hilo nalisema mbele ya watu wote.

Lakini na wewe unisikilize. Kuondoka bila kuaga lilikuwa kosa la pili, la kwanza ulilifanya mapema zaidi. Mwaka mzima ulikuwa umeshapewa ruhusa ya kuishi nje ya jumuiya, umepanga chumba kwa watu baki, na sisi ndugu zako tunaendelea kukuandikia kwa anwani ya konventi. Majibu yako yalikuwa yaleyale, "niko salama, tuombeane". Mama alikuwa akiwaeleza watu habari za sista wake, na sista mwenyewe anajipikia peke yake asikojua mtu. Ulidhani tungekufukuza? Labda ulikuwa na sababu. Mama alilia siku tatu, na mimi siku ile uliposimama mlangoni na begi moja, neno langu la kwanza lilikuwa "Umefanya nini?" badala ya "Karibu". Nalikumbuka. Bado nasema ungeniambia. Ningekuwa na mwaka mzima wa kujifunza, nisingejifunzia mgongoni mwako.

Kwa sababu nimejifunza, mdogo wangu, baada ya wewe kuondoka. Nimeisoma Sheria ya Kanisa, ile ya 1983, mimi ambaye sikuwahi kuigusa. Kanuni ya 668 inasema anachokipata mtawa kwa jasho lake, au kwa ajili ya shirika, ni mali ya shirika lake la kitawa. Kumbe ndiyo maana mshahara wako wa uuguzi hukuwahi kuushika. Kisha Kanuni ya 702: aliyetoka kihalali hawezi kulidai shirika chochote kwa kazi aliyoifanya humo. Niliposoma hapo niliitupa simu kitandani. Nilipoirudia nikaona kuna sehemu ya pili, kwamba shirika lizingatie usawa na upendo wa kiinjili kwa mwanashirika anayeachana nalo. Sehemu hiyo ndiyo yako. Mwandikie mama mkuu. Omba cha kukuwezesha kuishi miezi ya mwanzo, omba barua ya kueleza kazi ulizofanya, uliza kama kuna michango yoyote ya pensheni iliyowekwa kwa jina lako. Hapo hudai mshahara, unawakumbusha walichoandikiwa.

Najua utakavyonijibu. Nilipokuambia walikunyonya, ulinikatalia, ukasema, "Nilitoa. Kutoa si kunyang'anywa." Sijui kama nitawahi kulikubali neno hilo, lakini nimeacha kubishana nalo.

Wanaonilaumu kwamba nilikuharakishia kazi, hawakuona nilichoona. Niliona mwanamke wa miaka 44 asiye na akaunti ya benki wala akiba, vyeti vyake vina jina moja na kitambulisho kina jingine. Mwanzoni mwa 2020, Kardinali João Braz de Aviz, aliyekuwa akiongoza idara ya Vatikani inayoshughulikia watawa, alieleza kwamba Papa Fransisko alifungua nyumba Roma kwa ajili ya masista waliotoka au waliotolewa, wasio na pa kwenda, na kwamba wengine walikuwa wamefikia kujiuza ili waishi. Habari hiyo niliisoma usiku wa pili baada ya wewe kuondoka. Sikulala. Nilikuwa nimemwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana kitu, na sasa yuko nje, sijui wapi.

Niliogopa, ndugu yangu. Hofu ndiyo iliyoishika ile kalamu.

Na kuna mambo niliyoyaona nikayapita. Nilikupa pesa ununue nguo unayoipenda wewe, ukarudi na risiti na chenji hadi senti ya mwisho, ukaviweka mbele yangu, ukasimama unangoja. Nikavipokea! Nikavihesabu hata. Ningekurudishia mkononi nikuambie hizi ni zako, hakuna wa kumpelekea hesabu.

Kingine ni zile alfajiri. Saa kumi na moja nilikuwa nakusikia sebuleni, taa umezima, unasali masifu, ile sala ya asubuhi ya watawa, kwa sauti ya chini. Unasema mstari mmoja wa zaburi, unanyamaza. Unasema mwingine, unanyamaza. Siku za kwanza nilidhani unasahau maneno. Siku ya nne ndipo nilipoelewa kwamba unasubiri upande wa pili wakujibu, kama mlivyokuwa mkisali kanisani safu kwa safu. Nilisimama mlangoni na khanga yangu, nikarudi kulala, nikijiambia ataacha mwenyewe akizoea. Sikukuuliza hata kama unataka kuacha. Nilidhani aliyetoka utawani ametoka na kwa Mungu pia, na wewe hukusema hivyo hata siku moja.

Wiki iliyopita imekuja bahasha kutoka kwa shirika, ngumu kama imebeba cheti. Nje wameandika majina yako yote mawili, la nyumbani na la utawani. Sijaifungua. Nimeiweka kwenye droo ya chumba ulicholala, pamoja na ufunguo.

Niambie niitume wapi, au uje uichukue. Ukija alfajiri, kitabu cha zaburi ninacho, nimeshajua ukurasa wa kuanzia.

Dada yako