Utitiri wa ukingoni

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Wavu wako unatoka mtupu kwa sababu unawatafuta utitiri mahali wasipokaa. Katikati ya bwawa la kinamasi chenye asidi chakula ni haba. Wao wako ukingoni, ndani ya sfagnamu, ule mmea laini unaoshika maji kama sponji. Mmea huohuo ndio unaoyatia maji uchachu: hunyakua madini na kuachia asidi, pH, yaani kipimo cha uchachu, ikashuka hadi 4 au chini yake.

Chukua konzi moja pale sfagnamu inapogusana na maji, uikamue juu ya sinia jeupe, kisha usubiri maji yatulie. Kinukta chekundu kinachokwenda mbio ni utitiri wa maji mwenyewe, miguu minane, mwindaji wa vijidudu. Lava wake, yaani mtoto wake, ana miguu sita na hujibandika kwa mbu au kereng'ende. Mkague kereng'ende chini ya kifua, utawaona kama shanga nyekundu.

Ile konzi iliyokamuliwa usiitupe! Humo wamebaki Limnozetes, utitiri wa jamii nyingine, weusi, hawafiki nusu milimita. Hawa hawaogelei, hutambaa tu. Chini ya lenzi utadhani ni mbegu, mpaka mbegu itoe miguu. Ipange sfagnamu kichwa chini juu ya chekecheke, ndani ya faneli, taa ya wati 25 juu, kichupa cha alkoholi ya asilimia 80 chini. Joto huikausha kutoka juu, nao hushuka wakifuata unyevu. Iache siku 5 hadi 7. Usiharakishe kwa taa kali, maana watakaukia humohumo kabla ya kushuka. Na ikiwa bado inadondosha maji, alkoholi itazimuka na vielelezo vitaoza.

Wale wekundu usiwatie kwenye alkoholi, watakakamaa na miguu itakatika ukiigusa kwa sindano. Changanya gliserini sehemu 5, maji 4, asidi ya asetiki kali 1. Ila ukitaka kupima DNA, hapo ni alkoholi ya asilimia 96, hakuna njia nyingine nzuri. Rangi andika mapema, kwa kuwa itapauka.

Lebo iwe ya penseli, ndani ya kichupa. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye alkoholi, ukabaki na utitiri wasiojulikana walikotoka.

Wako,
Rafiki wa hadubini