Hemedi, kaa chini kwanza

Tandika, Dar es Salaam
Jumanne usiku

Swahiba Hemedi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, joto tu na umeme wa kubahatisha. Mkubwa yuko darasa la nne na bado hajui kufunga kamba za viatu. Shemeji hajambo? Wadogo je? Najua nimekaa kimya tangu Idi, na najua umenipigia mara tatu wiki hii sikupokea. Simu nilikuwa naiona. Nilikuwa naitazama mpaka inakata.

Naandika kwa sababu ujumbe wa sauti ungeusikiliza nusu halafu ungenipigia, na mimi sauti yako kwa sasa siiwezi.

Kinyozi ameuza ile Boksa yake, amenunua ya Kichina yenye tairi za meno makubwa, sasa anajiita bingwa wa mchanga. Ndiye aliyetutoa Jumamosi. Alfajiri tumevuka daraja, Kibada, Mwasonga, tukaiacha lami tukaingia zile njia za katikati ya mikorosho kuelekea Kimbiji. Mvua za vuli zimepiga kidogo, mchanga umeshikana juu, chini bado ni unga. Unakumbuka unavyotaka: ukipunguza mwendo tairi ya mbele inazama, ukiogopa umeanguka. Kinyozi alianguka mara mbili kabla ya chai. Mimi nilikuwa mbele, nimesimama juu ya vikanyagio kama mzee wako alivyokuwa akisimama, na ile Yamaha DT yake inalia. Unaijua tabia yake. Chini haina kitu, unaiburuta kama mbuzi aliyegoma, halafu ghafla inaondoka utadhani imekumbuka kitu nyumbani. Watoto wanakimbia pembeni, moshi wa buluu nyuma, ile harufu. Wallahi Hemedi, kwa dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoa huu.

Basi. Pikipiki ya mzee imeshika.

Nimeandika. Haikulipuka, haikuungua, fremu nzima, tenki zima, hata ile stika ya mradi wa maji bado ipo. Lakini injini imeshika, pistoni imenasa ndani, nikiwa nimeifungulia mpaka mwisho. Kwanza sauti ilinenepa, kama mtu kaikaba shingo kwa kitambaa, halafu tairi ya nyuma ikafunga palepale. Mkono uliwahi klachi lakini nilishachelewa. Nilitua kwenye mchanga taratibu, sikuumia, nikalala pale nasikia injini inapoa, tik, tik, tik. Baada ya nusu saa kiki ikaingia tena, ila nyepesi. Mkono wangu unaweza kuisukuma, mgandamizo haupo. Ukijua maana yake hutaniuliza zaidi.

Tukasukuma hadi kijijini. Hapo pana kichekesho, na ningekupigia kwa hilo peke yake kama si haya mengine. Mzee mmoja yuko kibarazani na kahawa, akaitazama pikipiki muda mrefu, akasema, "Hii si ya bwana afya wa Temeke?" Nikasema ndiyo, yeye marehemu, mimi rafiki ya mwanawe. Akasema, "Alinipiga faini ya choo." Kimya. Akavuta kahawa. "Choo nikachimba. Kipo mpaka leo." Halafu akaondoka, akarudi na kijana wa Kirikuu, tukaipandisha na kuifunga kwa kamba ya katani. Hela ya kupakia akakataa. Sijui kama alikuwa anamsamehe baba yako au anamlipa.

Sasa sababu. Utataka kujua sababu, na mimi tangu Jumamosi nazizunguka.

Ya kwanza ni oili. Kipimo nimekishika kama sala: pampu ya oili ilizibwa enzi za mzee, kwa hiyo oili nachanganya mwenyewe, nusu chupa ya soda kwa lita tano za petroli, mililita mia na hamsini, hapo uko kwenye moja kwa thelathini na tatu hivi. Hapo sijakosea hata siku moja. Ila oili niliyozoea iliisha, nikaingia duka la vifaa vya boti, jamaa akanipa kopo limeandikwa TC-W3, akasema oili ni oili. Oili ile ni ya mashine za wavuvi, Hemedi, zinazopozwa kwa maji ya bahari. Yetu inapozwa na upepo, na kwenye mchanga wa Kimbiji injini inakazana, mwendo mdogo, upepo wenyewe haupo. Ya pikipiki ni ile yenye JASO FC au FD kwenye kopo. Nililijua hilo. Tofauti ya bei ilikuwa hela ya chipsi.

Nikampelekea fundi, Babu Spana, nikiwa na hukumu yangu tayari: muuza duka ndiye mkosaji. Babu akavua magineti, akanionyesha nyuma yake pamelowa, weusi wa petroli na oili, akasema, "Oili imesaidia kuua. Haikuua." Sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia hewa, upande wa kushoto imekauka. Injini ya namna hii, ya mipigo miwili, inavuta pumzi yake kupitia huko chini, kwenye krenki, kwa hiyo sili ikivuja inaingia hewa isiyopita kwenye kabureta. Hewa ikizidi, petroli inakuwa chache, na moto unapanda. Na oili yetu inasafiri ndani ya petroli hiyohiyo. "Sasa pistoni ingekula nini?" Ndivyo alivyoniuliza, kama vile mimi ndiye nilikuwa nagawa chakula.

Halafu akauliza swali ambalo ndilo linaninyima usingizi. "Haikuwa inapanda yenyewe ukiachia mafuta?"

Ilikuwa inapanda. Alhamisi, kwenye foleni ya Mtoni, nimeachia mafuta na yenyewe inapanda tu, wiii, mpaka dereva wa daladala akanichungulia. Nikalegeza skrubu ya sailensi, ile ya mlio wa kusimama, ikatulia, nikaendelea na safari. Jumamosi alfajiri nikafungua plagi. Wewe ndiye ulinifundisha, iwe kahawia kama maji ya kahawa yaliyokauka. Ilikuwa nyeupe, chaki kabisa, dalili ya moto kuzidi. Nikaifuta kwa fulana nikairudisha, kwa sababu Kinyozi alikuwa nje anapiga honi.

Mengine yote ni ufundi. Hilo la plagi ni langu mimi.

Hali yenyewe sasa: pistoni imechubuka upande wa eksozi, ringi ya juu imeganda kwenye mfereji wake, na bloku, silinda yenyewe, ina mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Kwa hiyo msasa hautoshi, lazima ichongwe, tundu lipanuke. Mzee alishaichonga mara mbili, ilitoka milimita 66 ikafika 66.50, inayofuata ni 66.75. Nyama bado ipo, Babu anasema. Kinachokosekana ni pistoni. Siku mbili nimetembea Kariakoo, Msimbazi mpaka Gerezani. Duka la kwanza wakanicheka, la pili wakaniambia nirudi kesho, la tatu kijana akaniletea ya AG100, eti "hii inaingia, bosi." Kuingia itaingia. Itacheza humo kama punje moja ya harage ndani ya debe.

Ndipo nikakumbuka ile DT iliyolala chini ya mwembe kwa shemeji yako Misungwi. Uliwahi kuniambia kuku wanatagia kwenye kiti chake. Hemedi, naomba uende. Mwagia dizeli kidogo kupitia tundu la plagi, uiache siku mbili tatu kabla ya kugusa kitu. Fungua hedi, safisha masizi juu ya pistoni utazame kama pamegongwa namba. Ukikuta 0.75, yaani ile ya 66.75, chukua pistoni hata ukiacha vingine. Usipokuta namba ni saizi ya kiwandani, basi nitumie bloku na pistoni yake vyote pamoja, kama havina kutu ndani. Bloku ikigoma kutoka usipige nyundo chuma kwa chuma, weka kipande cha mti. Chunga zile klipu za pini, hurukia kwenye majani. Weka kwenye basi, nitapokea Mbezi hata iwe saa tisa usiku. Nauli na kuku wote watakaokosa kiota ni juu yangu.

Sili nimeshazipata, zote mbili, kushoto na kulia. Na oili sahihi nimenunua, kopo liko mezani linanitazama.

Kuna la mama yako. Jumapili nilikwenda Yombo kumsalimia, akaniuliza kama kawaida yake, "Lile dude la baba yenu linapumua?" Nikamwambia liko kuoshwa. Akaniletea uji. Nimeunywa wote.

Nikuulize basi. Shemeji atakubali kuitoa, au ana mpango nayo? Atataka hela au nimpelekee kitu? Ile ya Misungwi ni ya cc 175 kweli, maana uliwahi kuiita 125 ukiwa umeshiba? Una vernia ya kupimia, au utakosa hata rula? Utakuja Desemba kama ulivyosema? Umekasirika? Na mama tunamwambia nani, mimi au wewe? Mimi naona wewe. Lakini subiri kwanza injini iwake, ikiwaka nitakupigia usikie, halafu ndipo umwambie.

Wako,
Seif

Kinyozi anakusalimu. Bado anatoa mchanga masikioni.