Gwanda la mgombea halinilipi saa zangu za ugonjwa

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu lilipokuwa karatasi za kunakiliwa zinazoachwa mlangoni pa duka la unga na omena, na sijawahi kukuandikia. Hata mlipochapisha tangazo la matanga ya shemeji yangu kwa jina la marehemu mwingine, nilinyamaza, nikasema ni kazi ya mikono ya binadamu. Lakini ile habari yenu ya wakili ambaye pia ni meja, anayegombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la Minnesota, imenikwama kooni.

Unaikumbuka. Nusu ukurasa ni picha: gwanda limepigwa pasi, nishani kifuani, bendera nyuma. Chini yake ni sifa. Amelelewa na mama mcha Mungu, anaamka alfajiri, ana nidhamu. Hakuna mahali mwandishi wenu amemuuliza akifika St. Paul, yaliko makao ya Bunge la jimbo, atapigia kura nini.

Tuanze na hili la jeshi, kwa sababu mmewachanganya watu. Ndugu zangu wa Nyamira walioiona habari hiyo walinipigia simu wakiuliza iweje mwanajeshi asimame kura, kwani huko kumepinduliwa? Wana haki ya kushangaa. Kwetu Kenya, Katiba, kifungu cha 99, inamfungia nje ya ubunge mtu aliye kwenye kazi ya umma. Afisa anayetaka siasa anavua gwanda kwanza. Marehemu Jenerali Nkaissery alikuwa amekwisha staafu alipochaguliwa Kajiado ya Kati mwaka 2002. Hapa Marekani aliye jeshini kazi ya kila siku naye amezuiwa, haruhusiwi kugombea kiti kwa tiketi ya chama. Lakini huyu wetu ni wa Walinzi wa Taifa, wale wa wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Huyo anaruhusiwa. Anaruhusiwa hata kutaja cheo chake na kutumia picha ya gwanda, ila kanuni za Pentagon, wizara ya ulinzi ya hapa, zinadai kampeni iandike waziwazi kwamba jeshi halijamuidhinisha, tena picha hiyo isiwe ndiyo sura kuu ya kampeni. Nyinyi si kampeni, najua. Lakini mmeweza kufanya kile ambacho kampeni yenyewe imekatazwa.

Tena mkamwita "mpiganaji". Mtu ni afisa wa sheria jeshini! Kazi yao ni ya maana na siidharau: wanawaandikia askari wosia kabla hawajasafiri, wanaendesha kesi za mahakama ya kijeshi, wanamwambia kamanda hapa sheria ya vita inakuruhusu na hapa haikuruhusu. Andikeni basi hivyo. Halafu mwandishi akakoleza chumvi, eti anafuata nyayo za Abraham Lincoln. Lincoln aligombea Bunge la Illinois mwaka 1832, mwaka ule ule aliokuwa kapteni wa kujitolea katika vita vya Black Hawk, akaanguka. Kiti alikipata 1834, leseni ya uwakili 1836. Na mwaka 1848, akiwa Bunge la taifa, alisimama akajicheka mwenyewe mbele ya watu: mapambano yake ya kumwaga damu, alisema, yalikuwa na mbu, na ingawa hakuwahi kuzimia kwa kupungukiwa damu, njaa aliiona mara nyingi. Alikuwa akiwakejeli waliokuwa wakimremba mgombea urais Lewis Cass kwa hadithi za vita. Yaani mmemtaja mtu yule yule aliyewacheka watu wa aina yenu.

Sasa nikueleze kwa nini nimekasirika hivi. Mimi nafanya zamu ya usiku katika makao ya wazee. Majira ya baridi yaliyopita homa ilinishika, mwili mzima unatetemeka, nikapiga simu mapema kusema usiku huo siji. Wazee niwalindao wana vifua vyepesi. Ningewapelekea homa ile, nisingejisamehe. Msimamizi akaniambia nitaandikiwa pointi ya utoro, na nikitaka kulipwa nilete cheti cha daktari. Cheti cha usiku mmoja! Nikakubali, kwa sababu tumezoea kukubali. Ni dada mmoja Mliberia, tunayegeuza wazee pamoja, aliyenikalisha chumba cha mapumziko akaniambia nitoe karatasi ya mshahara. Akaweka kidole kwenye mstari mdogo kule chini ambao sikuwahi kuusoma: saa za ugonjwa na usalama, nilizochuma na nilizotumia. Nilizotumia ilikuwa sifuri. Tangu Januari 2024 sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi saa 1 kwa kila saa 30 anazofanya kazi, hadi 48 kwa mwaka, kwa malipo. Kwa kukosa usiku mmoja hawawezi kudai cheti, na kukuandikia pointi kwa kutumia saa zako ni kosa. Nilirudi kwa msimamizi na karatasi yangu mkononi. Pointi ikafutwa, na hakuna aliyesema pole. Sasa, Mhariri, sheria hiyo ilitoka wapi? Haikutoka Washington, haikutoka jeshini. Ilipitishwa na Bunge la jimbo, kwenye viti kama hicho ambacho meja wetu anakitaka. Akina mama wangapi wa zamu ya usiku wanaosoma gazeti lako wameandikiwa pointi za bure kwa sababu hakuna aliyewaambia? Nusu ukurasa ule ungetosha kuieleza sheria yote, na nafasi ikabaki ya tangazo la nyama choma.

Na si kwamba sikujaribu kumuuliza mwenyewe. Alikuja ukumbi wa kanisa baada ya ibada. Nilinyoosha mkono nikamuuliza kama sheria hiyo ataitetea au atailegeza, kwa kuwa kila mwaka kuna wanaotaka kuipunguza makali. Akatusimulia kambi moja ya jangwani, joto lake, na jinsi kule hakuna anayelalamika kuumwa. Kisha akanishukuru kwa huduma yangu. Watu wakapiga makofi. Mwandishi wenu alikuwa amekaa safu ya mbele na kamera yake, na swali langu halikuonekana popote.

Hata huo uwakili wake mmeuimba tu kama wimbo wa harusi. Wakili wa nini? Anamtetea mpangaji aliyenyimwa amana yake, au mwenye nyumba aliyeizuia? Sheria ya hapa inampa mwenye nyumba wiki tatu kurudisha amana au kueleza kwa maandishi kwa nini ameikata. Mtu anayepita mahakamani kila wiki ana rekodi upande mmoja au mwingine. Orodha ya wateja wake ingenieleza mengi kuliko nishani zake zote.

Lakini ugonjwa huu si wa gazeti lako peke yake, ni wa jamii yetu yote hapa Brooklyn Park. Nenda harambee yoyote. Mshereheshaji anapoteza saa nzima kutaja vyeo: Mheshimiwa, Daktari, Mchungaji Askofu, na sasa tumeongezewa Meja Wakili. Wanakaa meza ya mbele yenye maji ya chupa. Waliosukuma chapati tangu asubuhi wako jikoni, wanasikia hotuba kupitia dirisha la kupitishia sahani, na ndio hao wanaoombwa kura. Mtu akitajwa bila cheo anaonekana ametukanwa. Mume wangu alipoalikwa kusema neno, waliona haya kumwita dereva wa basi la shule, wakamwita "mdau wa elimu".

Na wakati tunapigiana saluti, mambo yanapita. Mwaka 2023 Bunge hilo hilo liliwafungulia watu wasio na karatasi za uhamiaji leseni za udereva, na bima ya afya ya jimbo iitwayo MinnesotaCare. Mwaka 2025, Baraza la Wawakilishi likiwa limegawanyika kati ya vyama viwili, wabunge 67 kwa 67, watu wazima wasio na karatasi waliondolewa kwenye bima hiyo katika makubaliano ya bajeti. Tunao kanisani, wewe unao, mimi ninao. Huko Shakopee, mji wa humu humu Minnesota, mwaka 2024 kiti kimoja cha Baraza hilo kiliamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika 20. Hiyo ni benchi mbili za nyuma za kanisa letu. Mnatuletea mgombea kama mnatuletea bwana harusi.

Ninachopendekeza ni hiki, na hakigharimu kitu. Mgombea ajaye, awe meja, awe mchungaji, awe mwenye duka la magari, picha yake isizidi stempu. Nafasi itakayobaki mchape maswali: saa za ugonjwa, bima, leseni, amana ya nyumba, na idadi ya wazee anaopaswa kuhudumia mfanyakazi mmoja usiku. Akijibu, chapeni jibu lake kama alivyolitoa. Asipojibu, msijaze pengo hilo kwa matangazo wala kwa nishani. Liacheni jeupe, chini ya swali, jina lake na cheo chake chote juu.

Na kama meja bado anataka kutusimulia mateso, zamu yangu inaanza saa tano za usiku. Aje na viatu visivyoteleza.

Mama wa zamu ya usiku,
Brooklyn Park, Minnesota