Hizo tani 3.5 za kwenye tangazo sio zote za kwako

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna tangazo la pikapu linatoka sana gazetini kwenu siku hizi, dabo kebini inang'aa imesimama juu ya jiwe na pembeni wameweka simba, chini wameandika kwa herufi kubwa INAVUTA TANI 3.5, basi hapa gereji watu wanakuja na hiyo namba kichwani, wanataka wachomelewe gololi ya kuungia tela waanze kubeba maji, nyanya, mchanga, na ukimwambia mtu subiri kwanza tupige hesabu anakuona unamletea wivu.

Sina ugomvi na muuza gari. Namba yenyewe sio ya uongo, Hilux nyingi za 4x4 za miaka ya karibuni, Ranger, D-Max, Land Cruiser 79, zote hizo viwandani zinaandikiwa kilo 3,500. Ila hiyo ni namba ya tela lenye breki zake lenyewe, na ni namba ya gari ambayo haijabeba vitu vingi mgongoni. Tela likiwa halina breki hizo hizo gari kiwanda kinakwambia mwisho kilo 750, yani tela pamoja na mzigo wake. Sasa niambieni nyie wasomaji, tela ngapi za kuchomelea mtaani mmeziona zina breki? Mi nakaa kwenye hii kazi na nyingi ninazoletewa hazina hata waya wa taa ya breki sembuse breki yenyewe. Tela la hivo likiwa tupu linafika kilo 500 bila shida ukihesabu ile chuma nzito mafundi wetu tunayoipenda, toa kwenye 750, unabaki na kilo 250, mifuko mitano ya saruji. Mitano! Mtu amenunua gari ya mamilioni amechomelea tela halafu kihalali kabisa ana haki ya kubeba mifuko mitano, na huyo kesho utamkuta na simtenki la lita 2,000 limejaa, na maji lita moja ni kilo moja hakuna punguzo.

Haya tuseme tela lako ni zuri, lina breki, zile za kusukumwa ambazo gari ikipunguza mwendo tela linajisukuma mbele na kujibana lenyewe. Bado hujapata tani 3.5. Fungua mlango wa gari uangalie kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, kuna kibao cha kiwanda. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya, na hapa zipo nyingi zimekuja used kutoka Uingereza, kibao kina mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari yenyewe na watu na mzigo, wa pili ni gari pamoja na tela vyote viwili, wa tatu ekseli ya mbele, wa nne ekseli ya nyuma. Huo mstari wa pili ndio mwenye nyumba. Na ukikuta gari yako ya Ulaya mstari wa pili haupo au umewekwa sifuri ujue kiwanda hakikuipa ruhusa ya kuvuta kitu, hata ungechomelea nini huko nyuma.

Nichukue mfano wa namba rahisi, sio gari ya mtu yeyote. Mstari wa kwanza 3,000, wa pili 5,500. Gari tupu na tenki la mafuta limejaa ni 2,050. Weka watu wanne na dereva humo humo, kilo 300. Mgongoni mifuko sita ya saruji, 300 nyingine. Bampa la chuma, keria, boksi la spana, tairi ya pili ya akiba, weka 150. Umefika 2,800 hata tela hujalifunga. Toa kwenye 5,500 umebaki na 2,700 za tela, ile 3,500 imeshaondoka na saruji na wajomba waliopanda bure. Alafu bado kuna kitu watu hawakijui kabisa, shingo ya tela inakandamiza ile gololi, na kwa tela za mzigo inatakiwa ikandamize kama asilimia 10 ya uzito wa tela ili lisiyumbe, kwa hiyo tela la 2,700 linaweka kilo 270 mkiani kwa gari, na hizo zinahesabiwa kama mzigo wa gari, 2,800 jumlisha 270 ni 3,070. Umezidisha mstari wa kwanza. Kwa hiyo hata hiyo 2,700 huipati mpaka ushushe saruji kidogo au ushushe mjomba mmoja.

Na hizo 270 hazikai katikati ya bodi, zinakaa nyuma kabisa ya ekseli, zinakandamiza nyuma zinanyanyua mbele, usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miti, na dabo kebini zikizidishiwa hivo kwa muda mrefu kwenye barabara ya vumbi chesesi inapinda pale pale nyuma ya kebini. Dawa ya mtaani ni kuongeza majani ya springi. Nawaongezea mkitaka, ni kazi yangu na napokea hela, ila msidanganyike, springi inanyanyua mkia tu, breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, chesesi ile ile na kibao hakijabadilika hata namba moja.

Sasa ile hoja ninayoisikia kila siku, "fundi mi nilipanda Kitonga na tela limejaa na gari haikulia". Sawa, injini za dizeli siku hizi zina nguvu, kupanda itapanda. Lakini nyanya za Ilula zinashuka Kitonga zikienda Dar, hazipandi, na ukishuka injini haiulizwi nguvu, zinaulizwa breki. Tela lisilo na breki kwenye mteremko ni mkokoteni umejaa na mtu wa kuushika nyuma hayupo. Nishati ya kitu kinachotembea inapanda kwa mraba wa mwendo, ukitoka 40 kwenda 80 hujaongeza mara mbili umeongeza mara nne, na yote hiyo inatakiwa igeuke joto kwenye disiki na ngoma za gari moja. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu kadiri yanavyozeeka, DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 hivi, ikishanyonya maji inaweza kuchemkia 140, na mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, unakanyaga pedali inaenda hadi chini na hakuna kitu. Kwa hiyo gia ndogo kabla hujaanza kushuka, sio katikati ya kona ndio unahangaika kuitafuta, na mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili badilisha, ni hela ndogo sana.

Kuyumba nako niseme. Ukiona tela linacheza kushoto kulia ujue mara nyingi mzigo umewekwa nyuma ya ekseli ya tela, shingo imekuwa nyepesi. Mzigo mkubwa uwe mbele kidogo ya ekseli, kama asilimia 60 hivi, na maji nusu tenki ni mabaya kuliko tenki limejaa maana yanatembea humo ndani, bora simtenki dogo limejaa kuliko kubwa nusu. Likishaanza kucheza barabarani usikanyage breki kwa nguvu, usipigane na usukani na usiongeze mwendo kama wanavyofundishana vijiweni, achia mafuta shika usukani ulionyooka gari ipungue yenyewe. Kupima shingo sio lazima kifaa cha kizungu, chukua mizani ya kununulia mazao ile ya chini, weka shingo ya tela juu yake kwa urefu ule ule inapokaa kwenye gololi, soma. Uzito wote nao unapimika, wanunuzi wa chuma chakavu na maghala makubwa ya mazao wana mizani ya magari, ukiwaomba vizuri wanakupimia, kuliko kukadiria kwa macho kwa sababu macho yetu tumeyazoeza lumbesa, gunia la mahindi tunaliita kilo 100 wakati limefungwa kichwa juu limeshapita huko zamani.

Nimalizie na matairi maana hapa ndio wengi wanakwama bila kujua. Ubavuni kwa tairi baada ya saizi kuna namba, ukikuta 112 tairi hiyo inabeba mwisho kilo 1,120 ikiwa na upepo wake kamili, hizo ni za pikapu nyingi. Tela za mtaani tunatumia ekseli ya gari ndogo iliyokufa na matairi yake, 175/70R13 yenye 82, hiyo 82 ni kilo 475. Mawili 950, na ndani yake tela lenyewe limo. Hapo hata ungelifunga nyuma ya Land Cruiser mkonga bado mwisho wa mzigo ni kilo 450 kama tela tupu ni 500, halafu ndio unaona limepakiwa mchanga, na mchanga mita moja ya ujazo ni tani moja na nusu na zaidi ukiwa umeloa. Tairi linapasuka watu wanasema ni jua la Mtera.

Minyororo ya usalama msinilazimishe niiandikie aya yake. Miwili, ikatane chini ya shingo, basi. Na gololi iwe milimita 50 kama shingo yenyewe ni ya 50, zipo za inchi mbili za Kimarekani zinakaribiana sana kwa macho, ile imezidi kidogo tu lakini shingo ya 50 haitajifunga juu yake vizuri, na wewe utasikia mlio wa kugonga udhani imeshika.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Mnapopokea hela ya tangazo la pikapu waambieni waandike namba tatu badala ya moja, ya tela lenye breki, ya tela lisilo na breki, na ule mstari wa pili wa kibao. Na sisi mafundi tunaochomelea tela tuanze kupiga rangi uzito wa tela tupu ubavuni, kama malori yanavyoandikwa, mi nimeshaanza na wateja wananicheka ila wanaondoka wanajua. Kama wenye tangazo watasema nafasi haitoshi kwa namba tatu, wamtoe yule simba.

Fundi magari,
Ipogolo, Iringa