Redio ya wati 100 haiwi CB kwa kukatwa daiodi tu

Ndugu Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma ukurasa huu bila kuwaandikia neno. Lakini ile habari yenu kuhusu vijana wa Arusha na madereva wa watalii wanaonunua transiva (redio zinazopokea na kurusha) za redio ya ridhaa, yaani ya wapenda redio wenye leseni, ili wapate CB, redio ya raia ya mazungumzo ya karibu, na masafa mafupi ndani ya boksi moja, imenishinda kuinyamazia. Mliwaambia wasomaji watafute fundi akate daiodi moja, ile inayoizuia redio kurusha masafa mengine, redio ifunguke, mtu aanze kuongea. Mkaishia hapo. Yanayofuata baada ya hapo ndiyo yanayoua redio, na mengine yanawagusa watu walio angani.

Tuanze na mlichokosea wazi. Picha mliyoweka ni ya redio ya mkononi ya VHF (masafa ya juu sana), ya 136 hadi 174 MHz. Ile hata ukikata daiodi zote zilizomo haitafika kwenye CB, kwa sababu CB ni chaneli 40 kati ya 26.965 na 27.405 MHz. Transiva inayoweza kukaribia huko ni ya HF, yaani ya masafa mafupi, ambayo bendi yake ya ridhaa iliyo jirani inaanza 28.000 MHz na kuishia 29.700. Kiwanda kinazuia kurusha nje ya bendi za ridhaa. Kupokea hakijazuia: transiva nyingi za aina hiyo zinasikia mfululizo, kuanzia chini ya 1 MHz mpaka 30 MHz na zaidi, bila kuguswa na bisibisi. Anayetaka kusikiliza CB, au idhaa za mbali kwenye bendi za masafa mafupi za mita 31 na mita 25, hana sababu ya kukata chochote. Aweke AM, achague filta ya 6 kHz, na usiku azime kikuza-mawimbi cha mbele cha kipokezi (preamp), maana stesheni kubwa zitakilemea na atasikia tatu kwa pamoja. Ratiba za idhaa hizo huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Aongeze saa tatu ndipo apate saa za hapa. Yaani 18:00 UTC ni saa tatu usiku kwetu. Hili moja tu mngelichapa, mngewasaidia watu.

Mwezi uliopita mezani kwangu hapa Moshi ililetwa transiva ya HF ya wati 100, ya zamani, imeng'olewa kwenye Land Cruiser ya watalii. Inapokea vizuri, hairushi. Ukifungua kifuniko cha chini unapokewa na harufu ya kuungua. Kati ya transista mbili za mwisho, moja kofia yake ya juu imeng'oka kabisa, na ndani unaona viwaya vyembamba kama unywele vilivyokatika. (Wanaojifunza ufundi: ile kauri nyeupe msiikwangue wala kuivunja. Transista nyingi za zamani za nguvu kubwa zina beriliamu oksaidi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu.) Daiodi ilikuwa imekatwa kwa ustadi, hapo aliyeifungua hakukosea. Makosa yalianzia nyuma ya redio. Antena aliyofungiwa ilikuwa ya VHF, sentimita 50, ambayo ni robo ya wimbi kwa 150 MHz. Robo ya wimbi kwa 27.185 MHz, yaani chaneli 19, ni mita 2.76, na ukishaikata kwa vitendo inakaa karibu mita 2.6. Kwa hiyo redio ilikuwa inasukuma nguvu kwenye kijiti ambacho kwa masafa hayo ni sawa na ukuta, na karibu nguvu yote inarudi ilikotoka. Kijiti chenyewe kimesimikwa kwenye lile paa la kunyanyuka, ambalo ni faiba na turubai, wakati antena ya robo wimbi inahitaji bati chini yake ili iwe na nusu ya pili. Kebo ilikuwa ya televisheni, omu 75 badala ya 50. Hiyo peke yake isingeiua redio, lakini iliongeza matatizo. Umeme ulitoka tundu la kiberiti kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, na fyuzi ilikuwa imebadilishwa kwa kipande cha waya. Redio ya wati 100 inakula hadi ampea 20 na ushee. Waya huo, mita 4 kwenda na 4 kurudi, unapoteza karibu volti 2 kabla umeme haujafika. Redio ikapata volti 10 na kitu, sauti ikakwaruza, mtumiaji akadhani nguvu ni ndogo, akaongeza. Kisha akaweka AM na kuipandisha hadi wati 100, bila kuambiwa na mtu kwamba kwenye AM wimbi la msingi halipaswi kuzidi robo ya uwezo wa redio, yaani wati 25, kwa sababu ukiongea kilele chake kinapanda mara nne.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichotajwa kwenye habari yenu. Mtu alilipia redio, akalipia kufunguliwa, na sasa anatafuta transista ambazo hazitengenezwi tena.

Inavyotakiwa ni hivi. Nyaya za umeme ziende moja kwa moja kwenye betri, milimita 6 za mraba, na fyuzi upande wa chanya na wa hasi, karibu na betri. Antena ya 27 MHz ifungwe kwenye bampa ya chuma au kona ya boneti, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha kitako chake kiunganishwe na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa. Kebo iwe ya omu 50. Punguza nguvu mpaka wati 5, weka kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, kati ya redio na kebo, pima chaneli 1, 20 na 40. Ikisoma juu zaidi kwenye 40 kuliko kwenye 1, antena ni ndefu: punguza nusu sentimita, pima tena, usiwe na haraka ya msumeno. Ikiwa juu zaidi kwenye 1, ni fupi. Ukifika 1.5 inayorudi ni asilimia 4 tu ya nguvu, acha hapo. Ikisoma 3, robo ya nguvu inarudi redioni. Usibonyeze tena mpaka ujue kwa nini.

Mlisifu pia yale maboksi ya kuongeza nguvu. Mhariri, hili ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Boksi la bei rahisi lisilo na filta linatoa 27.185 MHz pamoja na vizidishe vyake, yaani masafa hayo mara mbili, mara tatu na kuendelea. Kizidishe cha nne ni 108.74 MHz, na kuanzia 108 MHz ndipo inapoanza bendi ya vifaa vinavyoiongoza ndege kutua. Cha tano ni karibu 135.9, ndani ya bendi ambayo rubani anaongea na mnara. Barabara ya Arusha hadi Moshi inapita karibu na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mnamshauri dereva aweke boksi hilo garini, apite hapo kila siku na wageni? Transiva yenyewe ina filta zake na si mbaya. Kinachochafua ni boksi, hasa likisukumwa kupita uwezo wake.

Na leseni hamkuigusa. Leseni ya ridhaa inayotolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ile inayokupa alama ya mwito inayoanza na 5H, inahusu bendi za ridhaa. Haikupi 27 MHz. Tena redio ya ridhaa haina biashara ndani yake, popote duniani. Kampuni ya utalii inayotaka kuongea na magari yake yaliyoko Ngorongoro iombe masafa yake yenyewe TCRA. CB haitafika huko hata hivyo: gari kwa gari ni kilomita kadhaa, kumi ukibahatika.

Nikiwa hapo hapo, kuna hizi kontrola za sola na balbu za LED zinazouzwa kila kona. Nyingi hazina hata koili moja ya kuzuia makelele. Mtaa mzima ukiwasha jioni, mita 49 yote inakuwa mvumo. Zima swichi kuu ya nyumba, washa redio kwa betri, utasikia idhaa zinarudi. Kupitisha nyaya za paneli mara saba au nane kwenye pete ya feraiti kunapunguza sana, lakini kwa nini kazi hiyo aifanye msikilizaji na si anayeviingiza nchini?

Ninachoomba ni hiki. Chapeni masahihisho ukurasa ule ule, kwa ukubwa ule ule, yenye urefu wa antena, unene wa waya na ile 108.74. Na kila duka linalouza transiva liwe na kipimo cha SWR na mzigo bandia wa omu 50, unaomeza nguvu badala ya antena, juu ya kaunta. Redio irushwe wati 10 kwa sekunde 30 mbele ya mnunuzi kabla hajatoa pesa. Iwepo na sumaku, imefungwa kwa kamba. Mnunuzi akate ncha ya kebo ya antena, aguse waya wa katikati: ukinata ni chuma kilichopakwa shaba, airudishe hapo hapo.

Fundi redio,
Moshi