Ahsante, kaka uliyenizuia kuchomoa kebo

Kaka, najua hupendi kutajwa, kwa hiyo sikutaji. Ila ulichotufanyia Ijumaa ile lazima watu wakijue.

Mtambo wetu wa kuhifadhi data una kontrola mbili (kompyuta zinazoendesha diski) zinazolindana. Moja ilikufa, nyingine ikabeba diski zote na kazi za ofisi nzima. Kontrola mpya ilipofika, nilishashika kebo. Ukanizuia kwa simu: "Usichomoe kitu, nakuja."

Ukaja kweli, na mvua ile. Kwanza ukajaribu kufungua bekapu ya usiku, maana bekapu isiyofunguka ni pambo tu. Ukazima mpangilio wa kurudisha mzigo kiotomatiki, kontrola mpya isije ikavuta diski kabla hatujawa tayari. Kila kebo ukaipiga picha na kuibandika plasta yenye namba (plasta ya kidonda, ndiyo iliyokuwepo). Ukahamisha vipande vya kumbukumbu (RAM), betri na kadi za mtandao kutoka kontrola iliyokufa kwenda mpya.

Ilipowaka ukanionyesha mahali ambapo ningekwama: kontrola mpya huja na namba yake ya utambulisho, na diski bado zinamjua mwenyewe wa zamani. Ukazibadilishia umiliki, ukakagua njia zote mbili za kufikia kila diski, ndipo ukairudishia mzigo, fungu moja moja.

Saa tisa usiku tulimaliza. Hakuna faili hata moja lililopotea.

Mafundi wenzangu, mkipigiwa simu na mtu aliyeshika kebo, pokeeni. Huyu wa kwetu hela alikataa, akakubali soda tu. Plasta bado zipo.