Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Ramani ni ile ile, tunaomba tuigeuze tu

Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),

YAH: KUTA NDEFU ZA MADARASA KUTAZAMA KASKAZINI NA KUSINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika sekondari ya kata, mwambao wa Tanga. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si la shule yangu peke yake, na kwa sababu kosa nitakalolieleza nilishiriki kulifanya kwa mikono yangu. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja na nchi ikajenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, kwetu yalifika mawili, shilingi milioni 20 kila moja. Nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Siku ya kuseti msingi nilishika ncha moja ya kamba, fundi akashika ya pili, tukakubaliana bila hata kubishana kwamba jengo litazame barabarani. Wageni wakija, walione. Barabara yetu inakwenda kaskazini na kusini, kama zilivyo barabara nyingi za pwani zinazoifuata bahari. Basi zile kuta ndefu zenye madirisha, mmoja ukatazama mashariki na wa pili magharibi.

Vipimo vilikuwa sawasawa. Pembe zote zilinyooka, fundi alizirudia mara mbili mbele ya macho yangu. Mkaguzi alipokuja hakukuta dosari, na kwa mujibu wa karatasi alizoshika, dosari haikuwapo.

Karibu uone sasa, Mheshimiwa, mwezi wa Februari, saa tisa alasiri, kipindi cha ziada cha Kidato cha Pili. Jua limeshapita dirishani na limeingia ndani karibu mita mbili. Wanafunzi wa safu ile hawaombi ruhusa siku hizi. Wanasogeza viti na meza kidogo kidogo kuelekea ukuta wa pili. Siku moja niliacha somo la kitabuni nikawapa chaki: kila nusu saa, mmoja wao achore sakafuni mahali mwanga wa jua ulipofika. Kufikia saa kumi mstari wa mwisho ulikuwa karibu katikati ya chumba, na sakafu imepigwa mistari kama daftari. Niliwaambia waweke viganja kwenye ukuta wa magharibi kwa ndani. Wakasema ni vuguvugu. Niliwarudisha baada ya chakula cha jioni, wale wa bweni, wauguse tena. Sasa ulikuwa wa moto, na jua lilikuwa limezama zamani.

Hatua ishirini kutoka hapo kuna jengo letu la zamani. Matofali ya saruji ya inchi 6, kama mapya. Bati, kama mapya, tena lake limeshika kutu. Lakini aliyelijenga, kwa kujua au kwa bahati, alililaza upande mwingine: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na zile fupi zisizo na madirisha ndizo zilizoachiwa mashariki na magharibi. Walimu tunagombania kufundishia humo. Ratiba ya mchana ikipangwa, mwenye cheo ndiye anayepata jengo la zamani.

Sababu yake haina uchawi. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa Juni linahamia upande wa kaskazini, lakini hata likiwa mbali kabisa, saa za adhuhuri bado liko juu nyuzi 61 hivi. Desemba liko kusini, nyuzi 71 hivi. Jua la juu namna hiyo ni rahisi kulizuia: upenu wa mita moja unalitia dirisha zima la kaskazini kivulini, na upande wa kusini hata sentimita 60 zinatosha. Jua la magharibi halizuiliki kwa upenu. Saa kumi jioni limeshashuka hadi nyuzi 35, linakuja ubavuni. Ili upenu ulifiche dirisha lile lile, itabidi utoke mita mbili na nusu, na saa moja baadaye hizo nazo hazitoshi. Hakuna fundi wa kata atakayekujengea upenu huo, na akiujenga, upepo wa kusi utauchukua.

Ukuta wa magharibi siku isiyo na mawingu unapigwa na jua la zaidi ya wati 500 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa darasa moja ni kama mita 9 kwa 3. Ukizidisha unapata zaidi ya wati 13,000, sawa na pasi kumi na tatu za umeme zimeegemezwa ukutani nje. Si joto lote linaloingia. Jingine hurudishwa na rangi, jingine huchukuliwa na upepo. Lakini zege na tofali la saruji ni wapitishaji wazuri wa joto, kiasi kwamba lile povu jeupe linalofungiwa televisheni madukani hulizuia joto mara thelathini na zaidi kuliko zege la unene ule ule. Tofali letu halilizuii joto. Linalichelewesha tu.

Huko kuchelewesha ndiko kunakoniuma zaidi, kwa sababu ya bweni la wasichana. Nalo linatazama barabarani. Joto linalopiga ukuta wa inchi 6 saa kumi jioni hutumia saa tatu, nne hivi kutokea upande wa pili. Piga hesabu: linaingia ndani saa moja, saa mbili usiku, saa ambazo mabinti wanarudi kulala, na vitanda vya deka vimeegemezwa kwenye ukuta huo huo. Nje kumeshapoa, ndani ukuta unapika. Mzazi mmoja aliniuliza kwa nini watoto wanatoa magodoro nje. Matroni huwarudisha, kwa haki, kwa sababu za usalama.

Wazee wetu walilijua hili. Nyumba za mawe za Unguja na Pangani zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Joto la mchana halifiki ndani mpaka usiku wa manane, likiwa limechoka. Leo hatuwezi kujengea shule kuta za namna hiyo, gharama haishikiki. Ila kuna jambo lao jingine lisilo na gharama. Kwetu pwani, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, ndiyo maana kibla na kaskazini ni upande mmoja. Fundi hahitaji dira. Mzee mmoja wa kamati yetu alinichekesha nilipomweleza haya yote na michoro yangu ya pembe. Aliangalia msikiti wa kijiji, akasema, "Mwalimu, si ungesema tu jengo lielekee kibla?"

Kuna faida nyingine inayokuja bure. Upepo wa kaskazi, unaovuma miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini-mashariki. Kusi hutoka upande wa kusini. Madirisha yakitazama kaskazini na kusini, jengo linapokea pepo zote mbili. Na upepo ndani ya darasa si anasa. Binadamu aliyekaa kimya hutoa joto la kama wati 100, mtoto pungufu kidogo. Wanafunzi 40, ambao ndio kiwango cha darasa la sekondari, ni pasi tatu nyingine zinazowaka ndani muda wote. Kwa hiyo anayekuja kukuuzia wazo la kuyafunika madarasa yetu kwa vihami joto, yaani vizuizi vya joto mfano wa lile povu jeupe, yawe kama jokofu, Mheshimiwa, mwulize kwanza watoto watapumulia wapi.

Sisemi vihami joto havifai. Vinafaa, ila kwenye paa, na kuna jambo nililolifundisha miaka mingi bila kulitumia. Tangu shule ya msingi tunakaririshwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho (vitu vikigusana), msafara (hewa au maji yakizunguka) na mnunurisho (kama miali ya jua). Bati juani hufika nyuzi joto 60 na kupita. Hewa iliyo chini yake hupata moto, lakini hewa ya moto ni nyepesi, haishuki, inabaki pale pale juu. Basi joto la bati linatuteremkia kwa njia gani? Kwa mnunurisho, kama unavyosikia joto la makaa usoni hata pasipo upepo. Na mnunurisho hauzuiwi kwa unene, unazuiwa kwa aina ya uso. Karatasi ya alumini inayong'aa, ikitandazwa chini ya bati, hutoa mnunurisho kidogo mno kwenda chini. Ndani ya ukuta karatasi hiyo hiyo ingesaidia kwa sehemu tu, maana humo hewa hupanda na kuzunguka ikibeba joto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Juu ya vichwa vyetu ndipo mahali pake.

Ila iwekwe inavyotakiwa. Nimeona jengo la taasisi moja walilowahi kuweka karatasi hiyo, wakailaza juu ya mbao za dari, upande unaong'aa ukitazama juu. Baada ya miaka miwili ilikuwa na vumbi zito kama la njia ya ng'ombe, na uso wenye vumbi haung'ai. Upande unaong'aa utazame chini, vumbi halikai hapo, na pabaki nafasi ya hewa kati yake na dari. Ikigusana na dari, joto linapita kwa mpitisho na fedha imepotea.

Na rangi ya bati, tafadhali. Siku hizi kila mtu anataka bati la msauzi la rangi nzito, jekundu au la bluu iliyoiva, kwa sababu linapendeza kwenye picha za uzinduzi. Bati jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Hali kadhalika chokaa kwenye ukuta wa magharibi: ndoo chache na nguvu za wanafunzi siku ya usafi.

Najua utasema nchi si pwani tu. Kweli, ramani inayotumika kwetu inatumika pia Makete, ambako Juni na Julai kuna umande unaoganda na mtoto anaandika kwa vidole vilivyokufa ganzi. Lakini hata huko mwelekeo ni huo huo. Katika miezi ya baridi jua liko kaskazini. Darasa linalotazama kaskazini likipunguziwa upenu linaota jua mchana kutwa. Pwani tunarefusha upenu, Nyanda za Juu wanaufupisha. Jengo halihitaji kuzungushwa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Tumepata tena fedha za madarasa mawili. Nilipopendekeza kwenye kamati kwamba safari hii tusifuate barabara, walinielewa. Fundi alinielewa. Tulipopeleka wazo kwa mtaalamu anayetusimamia, jibu lilikuwa kwamba ramani imetoka juu na haiguswi. Nilimwambia haiguswi hata mstari mmoja: nondo zile zile, milango ile ile, idadi ya matofali ile ile. Tunaizungusha tu robo duara. Akasema hana barua inayomruhusu, na kwamba mkaguzi akiuliza kwa nini jengo limelipa barabara kisogo, yeye ndiye atakayejibu. Simlaumu. Mtu mwenye ajira anaogopa kuhojiwa, na katika mwongozo aliotuonyesha hakuna popote palipotajwa jua.

Ombi langu ni waraka mfupi. Useme kwamba kila mchoro wa eneo la shule uwe na mshale wa kaskazini; kwamba kuta ndefu za madarasa na mabweni zitazame kaskazini na kusini pale kiwanja kinaporuhusu; kwamba mhandisi wa halmashauri asaini mwelekeo kabla mtaro wa msingi haujachimbwa, kama anavyosaini vipimo. Kiwanja kikikataa, varanda iwe upande wa magharibi, na ukuta huo upandiwe miarobaini mapema. Karatasi ya alumini ina bei, tutaijadili bajeti ikiruhusu. Kugeuza kamba hakuna bei.

Vigingi vya madarasa yetu mawili mapya viko ardhini tangu juzi, vinatazama barabarani. Mafundi wanaanza kuchimba Jumatatu ya wiki ijayo. Kuving'oa na kuseti upya ni kazi ya asubuhi moja, na nimeshaongea na wanafunzi wanne wa kushika kamba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga